Mwenge Bila Mshikaji: Kuusoma Mnara wa Uhuru wa Mnazi Mmoja

Nianze na hukumu, hoja zifuate. Mnara wa Uhuru uliopo viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, umebeba wazo zuri kuliko minara mingi ya Afrika Mashariki, na bado ni mnara unaoshindwa kazi yake. Umechukua mwenge ukauweka juu kabisa, halafu ukamwondoa mtu aliyeushika. Ugomvi wangu nao ni huo tu. Lakini ni ugomvi mkubwa, kwa sababu unagusa namna tunavyousimulia uhuru wenyewe, siyo zege peke yake.

Kwa ambao hawajawahi kupita pale, ni nguzo nyeupe ya pembe nne, inachongoka kadiri inavyopanda, na kileleni kuna mwenge. Umbo la namna hii huitwa obeliski. Lilianzia Misri ya kale, likasafirishwa mpaka Paris, likaigwa Washington. Ethiopia nao wana mawe yao marefu ya Aksum. Moja Mussolini alilibeba mwaka 1937, likakaa Roma mpaka liliporudishwa 2005. Kwa hiyo siingii kwenye ule mjadala mwepesi wa "hiki cha Mzungu, hiki chetu". Umbo hili limeshatembea Afrika kabla ya wengi wetu. Shida yake ni nyingine: halina uso wala mgongo. Ukisimama upande wowote linakuonyesha kitu kilekile, na huwezi kujua linaongea na nani.

Sasa mwenge. Kila aliyepita shule ya msingi Tanzania anajua habari yake, hata kama aliisikia akiwa amepangwa mstarini juani. Oktoba 1959, ndani ya Baraza la Kutunga Sheria, Nyerere alisema watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mwanga na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike mpaka nje ya mipaka, uwafikie watu waliokuwa bado wanatawaliwa na kudharauliwa. Sisi wapenzi wa fasihi tuitazame ile kauli kama tunavyotazama mstari wa shairi. Iko kwenye "tungependa". Ni ombi, ni nia, imetamkwa miaka miwili kabla ya uhuru na mtu ambaye hakuwa na serikali wala jeshi. Na haikuwa inasema "tutang'aa". Ilikuwa inasema tutawamulikia wengine. Mtu aliyebanwa hajafunguliwa bado, tayari anawaza jirani yake! Sijui nchi nyingine iliyoanza na sentensi ya ukarimu kiasi hicho.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 sentensi ikawa tendo. Luteni Alexander Nyirenda akapanda na wenzake mpaka kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, akasimika bendera na mwenge. Kilele kilichokuwa na jina la Kaiser Wilhelm kikaitwa Uhuru. Mimi napenda sana upande wa kimwili wa tukio lile. Huwezi kufika pale kwa hotuba. Unafika kwa mapafu na magoti, ukiwa umevaa makoti mawili. Mwenge ule ulikuwa na mikono, tena mikono iliyokuwa inaganda kwa baridi.

Mikono hiyo ndiyo iliyopotea Mnazi Mmoja.

Mtaniambia mwenge ni alama, na alama haihitaji mtu. Haya, tazameni nembo ya taifa, ile ambayo wazee wanaiita bibi na bwana. Mwenge upo mle ndani ya ngao, sehemu ya juu. Lakini chini yake kuna shoka na jembe vimepishana, kuna mkuki, kuna Kilimanjaro, na pembeni wamesimama mwanamke na mwanaume. Nembo inasema mwanga una wenyewe, na wenyewe wana vifaa vya kazi. Aliyechora nembo alielewa kitu ambacho aliyesimamisha nguzo hakukitilia maanani. Pale Mnazi Mmoja bibi na bwana wametolewa, jembe limetolewa, umebaki moto juu ya fimbo ndefu. Kwa lugha ya mtaani, mwenge umekosa mshikaji.

Nendeni Kampala mkaone ilivyowezekana. Mnara wa Uhuru wa Uganda, uliotengenezwa kwa ajili ya Oktoba 1962, ni kazi ya Gregory Maloba. Ni mtu, wengi humsoma kama mama, amefungwa mikanda mwilini kama vile ndiyo kwanza anafunguliwa, na mikono yake imenyanyua mtoto juu. Mtoto naye kanyoosha mikono. Basi. Hakuna ngao, hakuna bendera, hakuna tai wala simba. Lakini ukiitazama unajua uhuru ni nini na unagharimu nini: kuna mtu chini amebeba uzito, kuna mtu juu ambaye bado hajui kutembea, na aliye chini mwenyewe hajamaliza kufunguliwa. Ni usomaji mkali wa uhuru, na Maloba aliufanya wakati watu wote wanacheza ngoma. Ukilinganisha na historia ya Uganda iliyofuata, ile mikanda kwenye mwili wa mama inatisha.

Kuna jambo la Maloba ambalo sisi wa mpakani hatuwezi kulipita kimya. Alikuwa Mkenya, mzaliwa wa Mumias, mwaka 1922, mwaka uleule aliozaliwa Nyerere. Wote wawili walikuwa Makerere miaka ya arobaini. Mkenya akawachongea Waganda uhuru wao, mwaka mmoja na ushee kabla ya nchi yake kuupata wa kwake. Ile nia ya mwanga kuvuka mipaka aliitimiza mchongaji kwa mikono yake, bila kutangaza.

Nasema sisi wa mpakani kwa sababu mimi ni mtu wa Susuni, Tarime, na usomaji wangu wa mnara umeanzia huko. Susuni hakuna mnara wa uhuru. Kuna bikoni, zile nguzo fupi za zege za mpaka wa Tanzania na Kenya. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana, huko kwao, mstari utoke ufukwe wa mashariki wa Ziwa Victoria, uende umenyooka kama uzi, uzunguke Kilimanjaro, uteremke mpaka pwani. Mwaka huohuo Marekani ilizindua ile sanamu ya New York, mwanamke aliyeshika mwenge. (Ona, hata wao walikumbuka mkono.) Mstari ulipita katikati ya Wakurya. Koo zikabaki huku na huku, ng'ombe wakaendelea kulisha kama kawaida maana ng'ombe hawasomi ramani. Wazee wetu wanakumbuka uhuru mara mbili: Desemba 1961 ulikuja wa upande huu, Desemba 1963 wakavuka kwenda kula nyama ya uhuru wa mashemeji Isebania na Kehancha. Mzee mmoja wa ukoo wetu alikuwa akisema yeye ana uhuru wa akiba.

Kwa mtu wa namna hiyo, mwenge wenye ahadi ya kumulika nje ya mipaka si pambo la hotuba. Na hapa lazima tuwe wakweli: Julai 1964, Cairo, mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua kwamba mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni iheshimiwe, na aliyepeleka hoja ile ni Nyerere huyohuyo. Naelewa kwa nini. Bara lingechinjana. Naweza hata kukubali kwamba alikuwa sahihi. Lakini usomaji wa mnara unabadilika ukijua tarehe hizo mbili. Kati ya 1959 na 1964 mwanga uliokusudiwa kuvuka mipaka ulifikia bikoni, na bikoni ikashinda. Mnara wa Mnazi Mmoja haubebi mvutano huo hata kidogo. Umetulia mno.

Hata hivyo kiwanja chenyewe hakijatulia, na hapa ndipo nina huruma na mnara. Wakati wa ukoloni eneo la Mnazi Mmoja liliachwa wazi makusudi ili kutenganisha watu. Upande mmoja Uhindini na kuendelea mpaka Uzunguni, upande wa pili Kariakoo ya Waafrika. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Kumbe pengo lile lililowekwa kutufukuza likageuka uwanja wa kukusanyikia: mikutano ya TANU ilifanyika pale, hatua chache kutoka ofisi yao ya mtaa ambao leo ni Lumumba. Kuweka mnara wa uhuru juu ya pengo la ubaguzi ni uamuzi mzuri kuliko umbo lenyewe la mnara. Kwetu Ukuryani tuna iritongo, kikao cha watu wote kinachokaa mahali pa wazi, na mahali pakishakaliwa na iritongo panakuwa na uzito hata bila jiwe. Mnazi Mmoja ni iritongo ya Dar es Salaam. Mnara umekuja kama mgeni aliyechelewa kikao akasimama katikati.

Barabara zinazokizunguka kiwanja zinaongea zaidi kuliko nguzo. Kuna Lumumba, aliyeuawa Januari 1961, miezi kumi na moja tu kabla ya uhuru wetu. Kuna Uhuru. Na kuna Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyezunguka nchi akiita akina mama TANU, kisha akashtakiwa kwa uhaini mwaka 1970, akafungwa, akasamehewa 1972, na baadaye akapewa barabara. Habari nzima ya uhuru wetu, pamoja na sehemu zake chungu, imeandikwa kwenye vibao vya mitaa, siyo kwenye mnara. Makonda wa daladala wanaisoma kwa sauti kila siku.

Tukitembea kidogo kuelekea Posta tunakutana na mshindani wake, Sanamu ya Askari. Ni ya shaba, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, ilizinduliwa 1927 mahali ambapo kabla ya hapo Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann. Ni ukumbusho wa kikoloni wa askari Waafrika na wapagazi wa Vita vya Kwanza. Kisiasa inanikera. Inawashukuru watu kwa kufa katika vita isiyowahusu. Na bado, nakiri kama mhakiki, ndiyo watu wanaipenda. Wanapigia picha pale, wanaagania pale. Kwa nini? Kwa sababu kuna mwili. Kuna mguu uliokanyaga, bunduki imeelekea bandarini, uso ambao mtu wa Tarime anaweza kuutazama akasema huyu anafanana na babu yangu. Wakurya wengi waliingia jeshi la KAR, na baadaye jeshi letu, kwa hiyo kwa familia nyingi za kwetu huo si utani. Askari hana jina, lakini ana mabega. Wapagazi wenzake hawakupata hata mabega, walipata soko: Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps.

Inakera kidogo, si ndiyo? Mkoloni katuachia mtu bila uhuru. Sisi tukajijengea uhuru bila mtu.

Pana mnara wa pili palepale Mnazi Mmoja, wa zege, uliojengwa kuadhimisha miaka kumi ya uhuru. Huu umenisumbua kuliko wa kwanza. Maelezo yanayozunguka kuuhusu, yale ya vitabu vya watalii na tovuti zinazonakiliana, humtaja mbunifu wake kwa jina: R. Ashdown. Halafu husema paneli za ubavuni zilipambwa na msanii wa hapahapa. Nukta. Msanii wa hapahapa. Miaka kumi ya kujitawala, mnara wa kujipongeza kwa kujitawala, na anayebaki na jina ni Ashdown! Aliyeweka rangi na sura, yaani sehemu pekee ambayo jicho la mpita njia linaweza kushika, amebaki "wa hapahapa" kama vile ni aina ya mchanga.

Simlaumu Ashdown. Alifanya kazi yake akaweka jina, kama inavyotakiwa. Kampala tunajua ni Maloba. Nairobi, sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa Februari 2007, tunajua ni kazi ya Kevin Oduor. Jina la fundi linabadilisha kabisa usomaji wa kazi. Bila jina, paneli zile zinageuka mapambo. Zikipata jina, zinakuwa kauli ya mtu wa mwaka 1971 aliyeulizwa uhuru ni nini akajibu kwa brashi. Tunahakiki riwaya za miaka ileile mstari kwa mstari, mwandishi alisoma wapi, alikosana na nani. Mwenzake wa ukutani hatukumuuliza hata jina.

Kulikuwa na siku moja kwa mwaka ambapo mnara mweupe ulikuwa unakamilika. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Rais aliweka mkuki na ngao chini ya mnara. Mkuu wa Majeshi aliweka sime. Kiongozi wa mabalozi aliweka shada la maua. Meya wa jiji aliweka upinde na mshale, na wazee waliopigana vita waliweka shoka. Nimewahi kuitazama hafla hii kama mwandishi wa habari na kama mtu wa kawaida, na mara zote ni shoka lililonishika. Mzee anakwenda polepole, anainama kwa shida, anaweka kitu ambacho nyumbani kwake angekitumia kukatia kuni, anapiga saluti. Kwa dakika kadhaa nembo ya taifa inarudi mzima: mwenge juu, mkuki na shoka chini, na watu wamesimama pembeni. Sanaa ambayo mnara haukuipata kutoka kwa wajenzi iliipata kutoka kwa wale wazee. Baada ya hapo vifaa vinaondolewa, nguzo inabaki nguzo.

Sasa siku hiyo imehama. Mwaka 2016 iliadhimishwa Dodoma, wakati Rais Magufuli alipokuwa akitangaza serikali kuhamia huko, na miaka ya karibuni imefanyika kwenye Mji wa Serikali, Mtumba. Makao makuu ni Dodoma, sina ugomvi. Lakini tuseme wazi kilichotokea kwa upande wa usomaji: mnara wa Mnazi Mmoja umenyang'anywa sentensi yake pekee iliyokuwa na watu ndani. Mkuki, sime na shoka vimekwenda Dodoma. Umebaki umulike watu wanaokwenda Kariakoo kununua mabegi.

Wengine watasema mnara wetu halisi siyo ule, ni Mbio za Mwenge. Tangu 1964 mwenge unakimbizwa nchi nzima, unafika kila halmashauri, na hapo kweli una mshikaji. Nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa. Achana kwanza na kelele za gharama na michango, ambazo zina haki yake. Kama sanaa, ni wazo la ajabu: ukumbusho unaotembea kwa miguu na kuja mpaka kwako, badala ya wewe kupanda basi la siku nzima kwenda kuutazama. Nikiwa mtoto niliushuhudia ukipita. Tulipangwa barabarani tangu alfajiri, vumbi likaja kwanza, kisha magari, kisha kijana mmoja mwenye jasho, mkono umenyooka, moto unayumba. Ulipita kwa sekunde labda ishirini. Lakini niliona mkono.

Shida inakuja mwenge ukishaondoka, kwa sababu unaacha mawe. Zungukeni vijijini Tarime, kwenye madarasa, zahanati na visima, mtayakuta: jiwe la msingi, limewekwa na kiongozi wa mbio za mwenge kitaifa, tarehe, jina lake lote na cheo. Hii ndiyo minara ya uhuru ya watu wa Susuni, midogo, ya marumaru au ya saruji iliyopigwa rangi, na nimeisoma mingi. Haijawahi kutaja kina mama waliobeba maji ya kuchanganyia zege. Haijawahi kutaja fundi. Aliyepita kwa dakika kumi yupo ukutani kwa miaka hamsini. Ni paneli zile za Mnazi Mmoja tena, safari hii zimesambazwa nchi nzima.

Tafadhali mtu asinielewe kwamba nataka mnara uvunjwe. Hapana. Wazo la mwanga juu ya kilele, kwa ajili ya wengine, ni zuri mno kuliachia. Ningependa shoka lirudi, hata nakala ya chuma iliyofungwa pale chini mwaka mzima, pamoja na mkuki, sime na upinde, ili mtoto anayekatiza kwenda shule aone mwenge ulikuwa na wenyewe. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana cha semina moja.

Na ningependa jina. Paneli za miaka kumi ya uhuru zilipambwa na mtu, kwa mkono, kwenye jiji lenye kumbukumbu ndefu na midomo mingi. Mtu huyo alikuwa na mtaa, alikuwa na wanafunzi au watoto, alirudi nyumbani jioni na rangi kwenye kucha akaulizwa leo umefanya nini. Kama wewe unayesoma hapa ni mjukuu wake, au uliishi naye Ilala, Magomeni, Temeke, popote, au mzazi wako alikuwa akipita pale akisema "hii kazi ya fulani", lilete hilo jina, na kama kuna picha ya paneli zilivyokuwa mwanzoni, ilete pia.